Kupanga Studio Pembezoni mwa Dar es Salaam: Mambo ya Kukagua Kabla Hujatoa Kodi

Mpangaji wa Dar es Salaam ana sauti siku zile tu ambazo pesa bado iko mkononi mwake. Akishatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pampu mbovu, mita inayokimbia na shimo la choo lililojaa vinageuka kuwa shida zake, na mwenye nyumba hupokea simu akipenda. Kwa hiyo kazi yote ya mwongozo huu inafanyika kabla ya malipo. Tunazungumzia studio za maeneo ya pembezoni: Kimara, Mbezi, Goba, Madale, Tegeta, Bunju, Kinyerezi, Segerea, Kigamboni na kwingineko ambako nyumba mpya za kupangisha zinajengwa kila mwaka.

Kwanza muelewane na dalali unachotafuta. "Chumba master" ni chumba chenye choo na bafu ndani, basi. Studio inaongeza kona ya jiko yenye sinki na kaunta, mara nyingine na kijisebule kisichotenganishwa kwa ukuta. Madalali huchanganya majina haya kila siku, kwa hiyo uliza kwenye simu, kabla ya kupanda daladala: jiko lina sinki na maji? Mlango wa kuingilia ni wako peke yako? Umeme una mita yake? Kodi inalipwa kwa miezi mingapi? Majibu hayo yatakuokolea safari nyingi za bure.

Piga hesabu ya pesa ya kuingilia

Kodi ya mwezi haikuambii unahitaji kiasi gani. Tuchukue studio ya shilingi 200,000 kwa mwezi inayolipwa miezi sita. Kodi ni 1,200,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 200,000, na kawaida mpangaji ndiye anayeilipa. Kabla ya hapo kuna pesa ya kuzungushwa, yaani ya dalali kukutembeza vyumbani, ambayo ni ya kuelewana. Kuna kirikuu ya kuhamisha vyombo, kitasa kipya, umeme wa kuanzia, pazia, na pengine amana ya uharibifu. Mwenye kodi ya 1,200,000 kamili mkononi bado hajawa tayari. Aongeze angalau 350,000.

Omba miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wa pembezoni, hasa wenye vyumba viwili vitatu vilivyokaa wazi, wanakubali ukiomba ana kwa ana, hata kama dalali alishasema "hapo ni sita, hapungui." Dalali analipwa mwezi mmoja kwa vyovyote vile na hana sababu ya kukupigania. Mwenye nyumba akikataa mitatu, omba mkataba wa mwaka wenye malipo ya miezi sita kwanza na mitatu mitatu baadaye, kodi ikiwa haipandi ndani ya mwaka huo.

Barabara kwanza, chumba baadaye

Chumba cha bei nafuu kilicho ndani sana kinaweza kuwa ghali kuliko cha barabarani. Ikiwa kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani ni bodaboda ya 1,000, kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi. Studio ya 160,000 iliyo ndani inakuwa ya 212,000, na bado mvua ikinyesha boda hupandisha bei au hagusi kabisa.

Chagua barabara kuu inayolingana na unakofanya kazi. Anayefanya kazi Kariakoo au Posta ananufaika na Barabara ya Morogoro, kwa sababu Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, anaipandia Kimara Mwisho. Wa Mwenge, Mikocheni na Masaki atazame Barabara ya Bagamoyo: Tegeta, Boko, Bunju, au Goba na Madale zinazotokea upande huo pia. Wa uwanja wa ndege na viwanda vya Barabara ya Nyerere yuko karibu akikaa Segerea au Kinyerezi. Kigamboni kuna nafasi na hewa nzuri, ila unategemea pantoni au Daraja la Nyerere, na mwenye gari au pikipiki analipa tozo darajani. Ingiza hiyo kwenye hesabu.

Usipime safari Jumapili mchana, siku ambayo madalali wanapenda kuonyesha nyumba. Siku ya kazi, kuwa kituoni hapo saa 12 asubuhi na uhesabu daladala ngapi zinapita zimejaa bila kusimama. Jioni rudi ukitokea kazini kwako, utembee kwa miguu kutoka kituoni hadi getini wakati giza limeshaingia. Utaona taa zipo au hazipo, maduka yanafungwa saa ngapi, vijiwe viko wapi. Matembezi hayo ya dakika 15 yanakupa majibu ambayo dalali hawezi kukupa.

Kama unatafuta wakati wa masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, una bahati: nenda siku inayofuata mvua kubwa. Kama ni kiangazi, tafuta alama. Mstari wa tope kwenye ukuta wa uzio, mifuko ya mchanga mlangoni, kizingiti kilichojengewa matofali mawili zaidi, mtaro mkavu uliopita katikati ya nyumba. Waulize wenye maduka ya karibu maji yanafika wapi. Wao hawana haja ya kukuficha.

Na tazama kuta kwa alama ya X nyekundu. Nyumba iliyowekewa X kwa kawaida iko kwenye hifadhi ya barabara au eneo lingine lisiloruhusiwa kujengwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Mpangaji katika nyumba ya namna hiyo hapati fidia ya kodi aliyokwisha lipa, labda amdai mwenye nyumba mwenyewe.

Dalali

Dalali mzuri ana eneo lake, anajulikana kijiweni, na anakubali kulipwa baada ya wewe kukutana na mwenye nyumba na kusaini. Mkubaliane mapema mambo mawili: pesa ya kuzungushwa ni ya siku nzima na si ya kila chumba, na ule mwezi mmoja unalipwa siku ya kukabidhiwa ufunguo.

Ukiambiwa "tuma nusu ya kodi nikushikie, kuna mtu anakuja saa hizi," usitume. Wizi wa kawaida huwa hivi: mtu anapanga chumba kwa mwezi mmoja, anapiga picha nzuri, anakitangaza mtandaoni kwa bei chee, anakusanya "kishika nafasi" kutoka kwa watu kadhaa, kisha anazima simu. Kuna wengine wanaokufikisha kabisa chumbani wakiwa na funguo. Kuwa na ufunguo hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba.

Ukaguzi wa chumba: maji

Nenda na ndoo ya lita 20, chaja ya simu na saa. Anza na maji, kwa sababu ndiyo yanayohamisha watu wengi.

Uliza maji yanatoka wapi. Maeneo ya Kimara, Mbezi, Kibamba na Tabata yanategemea zaidi mtambo wa Ruvu Juu. Bunju, Tegeta na Kawe yanategemea Ruvu Chini. Yote miwili inavuta Mto Ruvu, na mto ukipungua mji mzima unaingia kwenye mgao, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2021 na tena 2022. Swali la maana basi si kama DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, imefika. Uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na yakikatika tanki linawatosha wapangaji kwa muda gani.

Hesabu ni rahisi. Mtu mmoja anayeoga, kupika, kuflashi choo na kufua kidogo anatumia lita 60 hadi 80 kwa siku bila anasa. Nyumba yenye studio sita, watu tisa, inahitaji kama lita 600 kwa siku. Simtanki ya lita 2,000 itawafikisha siku tatu. Kama mgao ni wa mara moja kwa wiki, mtakuwa mnanunua maji, na utauliza nani analipa.

Kisima kinasaidia, ila yaonje maji hayo. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi: sabuni haitoi povu, birika linashika ukoko mweupe, koki zinakula haraka. Kwa kuoga na choo yanafaa. Ya kunywa na kupikia utanunua. Pampu ya kisima inatumia umeme wa nani? Swali hili linarudi kwenye sehemu ya mita hapo chini.

Sasa fungua bomba la bafuni na ujaze ndoo. Ikijaa ndani ya dakika tatu, presha inatosha. Ikizidi dakika sita, kuoga kwa bomba la juu kutakuwa kwa taabu, na hita ya papo hapo inaweza isiwake kabisa kwa sababu inahitaji msukumo wa maji. Chanzo huwa ni tanki lililowekwa chini mno: kila mita moja ya kimo inaongeza takribani baa 0.1 tu. Tatizo hili halitengenezeki kwa kubadilisha koki. Fungua pia sinki la jikoni huku bafuni kukiwa wazi, uone kama moja linaua jingine.

Majitaka

Mwaga ndoo nzima chooni kwa mara moja, kisha flashi mara mbili. Maji yakipanda kabla ya kushuka, au tundu la maji bafuni likigugumia, chemba imeziba au shimo limejaa. Zunguka nyuma ya nyumba uangalie mfuniko wa shimo: udongo uliolowa pembeni yake wakati wa kiangazi ni dalili mbaya. Shimo moja dogo linalohudumia studio nyingi hujaa haraka, hasa mvua ikiinua maji ya ardhini. Gari la majitaka si bei ndogo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba kunyonya shimo ni juu ya mwenye nyumba, au mnagawana kwa idadi ya vyumba.

Angalia pia kama tundu la maji bafuni lina kona ya kuzuia hewa. Likiwa bomba lililonyooka hadi kwenye chemba, harufu na mende vitapanda kila usiku, na katika studio choo kiko hatua chache kutoka kitandani.

Umeme na mita

Hapa ndipo ugomvi wa wapangaji unapozaliwa. Kuna hali tatu.

Ya kwanza, studio ina mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Hiyo ndiyo ya kutafuta, hata ikikugharimu 10,000 zaidi kwa mwezi. Andika namba ya mita, kisha kabla ya kusaini nunua umeme wa 5,000 kwa namba hiyo na usome ujumbe wote. Ujumbe huo utaonyesha makato, na ndipo madeni ya nyuma yanapojitokeza. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Kwa nyumba ya kawaida ilianza 1,000 kwa mwezi na ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Mita ambayo haikununuliwa umeme kwa miezi minane itakukata miezi yote minane kwa pamoja. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane aipunguze kwenye pango, na mwandike.

Ya pili, mita moja kubwa na mita ndogo kila chumba. Hii inavumilika ikiwa hesabu iko wazi. Kwa matumizi ya kawaida, uniti moja ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo zake, ndiyo maana 10,000 inatoa uniti kama 28. Bei ya chini ya watumiaji wadogo, yapata 122 kwa uniti, ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na mita ya wapangaji sita haiwezi kubaki humo. Mwenye nyumba anayekutoza 500 kwa uniti anafanya biashara ya umeme. Akuonyeshe risiti ya LUKU, mgawanye pesa kwa uniti pamoja.

Jaribu mita ndogo hivi: washa taa, feni na chaja uone inatembea. Kisha zima kila kitu, chomoa hata friji ya mpangaji wa zamani kama ipo, usubiri dakika kumi. Ikiendelea kutembea, kuna waya wa taa za nje, pampu au chumba cha jirani uliopita kwako. Fundi aurekebishe kabla hujalipa, maana ukishahamia utaambiwa ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Ya tatu, mita moja na watu kuchangishana kwa kichwa. Tunashauri uikwepe. Mwenye pasi, jiko la umeme na friji analipa sawa na mwenye taa mbili, na mwisho wa mwezi mmoja hayupo, mwingine hana. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa nane linakula nusu uniti. Jiko la umeme la wati 1,500 linakula uniti moja na nusu kwa saa. Tofauti hiyo haiwezi kusuluhishwa kwa mkutano wa uani.

Kabla ya kutoka, jaribu kila soketi kwa chaja, gusa soketi ya jikoni uone kama ina weusi wa kuungua, na uhakikishe studio ina breka zake mwenyewe. Hita ya kuogea iwe na breka yake na waya mnene. Isipokuwa na waya wa ardhi, usiitumie.

Joto, unyevu na kelele

Studio ni chumba kimoja, kwa hiyo joto halina pa kukimbilia. Angalia madirisha yako pande mbili au upande mmoja. Lililo bora ni lile linalopokea upepo wa kusi na kaskazi bila kuzibwa na ukuta wa jirani ulio mita moja mbele. Ukuta mrefu unaotazama magharibi utapashwa na jua la alasiri na kukutesa hadi usiku. Dari la jipsam chini ya bati bila nafasi ya hewa ni joto vilevile. Ingia saa nane mchana ukae dakika kumi.

Rangi mpya kwenye mita moja ya chini ya ukuta peke yake inaficha kitu. Pitisha kiganja: unga mweupe na mapovu ya rangi ni maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Godoro na kabati vitaota ukungu.

Kelele ziulizwe usiku: baa, nyumba za ibada zenye spika, gereji, kiwanda cha matofali. Madirisha ya aluminiamu yasiyobana vizuri hayazuii lolote.

Hakikisha unampa pesa mwenye nyumba

Hili ndilo la kufanya kwa utulivu hata dalali akikuharakisha. Mwombe anayejiita mwenye nyumba kitambulisho cha NIDA na karatasi yoyote ya umiliki: hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa. Huku pembezoni viwanja vingi havina hati, hilo lisikuogopeshe. Linalotakiwa ni jina lilingane. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe wa eneo, uulize nyumba ile ni ya nani na ina mgogoro gani. Waulize na wapangaji wawili waliopo wanamlipa nani.

Nyumba ya urithi ina jambo lake. Usilipe mtoto mmoja wa marehemu. Omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Nyumba inayosimamiwa na mtu kwa niaba ya aliye nje ya nchi iwe na barua ya idhini, na upige simu ya video na mwenyewe.

Lipa kwa benki au kwa simu kwenye namba yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba. Ikilazimu taslimu, risiti isainiwe papo hapo, iandikwe miezi inayolipiwa kwa tarehe: "kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba," siyo "miezi sita."

Mkataba

Mkataba wa dukani wenye nafasi za kujaza unatosha ukiuongezea haya: namba ya mita na uniti zilizopo siku ya kuingia, chanzo cha maji na nani analipa pampu, kunyonya shimo, taka na mlinzi ni kiasi gani kwa mwezi, geti linafungwa saa ngapi na kama unapewa ufunguo, kodi haitapanda ndani ya muda uliolipiwa, na matengenezo. Kwa haya ya mwisho mgawanyo wa haki ni huu: bati, mabomba ya ukutani, nyaya, shimo na pampu ni vya mwenye nyumba, balbu, koki uliyoivunja na kitasa ulichokibadilisha ni vyako.

Vifungu viwili husahaulika. Kimoja ni cha kurudishiwa kodi isiyotumika iwapo mwenye nyumba anauza, anabomoa au anakutaka uhame kabla ya muda, ndani ya siku 14. Kingine ni cha notisi: siku 30 kwa anayelipa miezi mitatu, siku 60 kwa anayelipa sita, kwa pande zote mbili. Kuwe na nakala mbili, mashahidi wawili, sahihi kila ukurasa. Mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri, vizuri zaidi. Ofisi yake itakuhitaji ujiandikishe kwa vyovyote, na utaitaka barua yake ya utambulisho siku unapofungua akaunti au kuomba mkopo.

Siku ya ufunguo

Kabla kirikuu haijashusha vyombo, piga video moja isiyokatika: kuta zote, dari, choo kikiflashiwa, bomba likitoka, vioo, kitasa, namba ya mita na uniti. Mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo ukiandika kasoro ulizoziona. Ujumbe huo wenye tarehe ndio utakaotetea amana yako siku ya kutoka. Badilisha kitasa, kwa idhini yake. Mpangaji aliyetoka, dalali na fundi wote wanaweza kuwa na nakala ya ufunguo.

Mkishindwana baadaye, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba haruhusiwi kuvunja mlango au kukutoa kwa nguvu, hata kama unadaiwa kodi. Akijaribu, ripoti polisi ukiwa na mkataba, risiti na ile video, na nakala zake ziwe zimehifadhiwa pia nje ya chumba hicho.